Hatari zinapokutana: jinsi ya kupima mtaa wako, kwa mfano wa Goma

Ukimuuliza mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, anaogopa nini, atakuonyesha volkano ya Nyiragongo kwa kidole. Ana haki. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia ziwani. Lakini anayepima mlima peke yake anaweza kuwakimbizia watu kwenye kifo kingine. Ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya 1: Andika kila hatari inauaje

Jina la hatari halitoshi. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana. Mwaka 1977 ilishuka kwa kasi iliyowazidi watu mbio. Tetemeko huua kwa ukuta unaoanguka. Mazuku ni kabonidayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia mashimoni na kumziba mtu pumzi. Ndani ya maji ya chini kabisa ya Ziwa Kivu, kando ya mji, kuna kilomita za ujazo kama 300 za gesi hiyohiyo, na kama 60 za methani. Kisha mvua, mafuriko na kipindupindu.

Hatua ya 2: Tembea, chora

Usianzie kwenye kompyuta. Tembea na wazee wa mtaa, weka alama makoro (mawe ya lava iliyoganda) ya 1977, ya 2002 na ya 2021, mabonde, visima, shule, vituo vya mafuta. Nusu siku inatosha kwa mtaa mmoja.

Hatua ya 3: Zikutanishe

Hapa ndipo penye kazi. Chora jedwali: hatari zilezile juu na ubavuni. Katika kila chumba cha jedwali jibu swali moja: hii ikitokea, ile inakuwaje?

Chukua Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 jioni mlima ulipasuka, lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Wengi tulidhani yamekwisha. Yakafuata matetemeko ya siku kadhaa, ardhi ikapasuka, na tarehe 27 watu wakaamriwa kuhama. Maelfu kwa maelfu walishika njia ya Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma. Njia hiyo inapita kwenye ardhi ya mazuku, na waliochoka hulala popote, hata bondeni. Lava ilikuwa pia imeharibu mabomba na tangi, watu kama laki tano wakakosa maji, na eneo hili kipindupindu hakijawahi kulihama. Chumba cha "lava na kipindupindu" kingejazwa mapema, madumu na klorini vingekuwa Sake kabla ya watu.

Mwaka 2002 vilevile: siku chache baada ya lava, kituo cha mafuta kililipuka na kuua watu waliokuwa wakichota. Wao lava haikuwagusa.

Hatua ya 4: Nani, na saa ngapi?

Mchana mtoto yuko shuleni na mama yuko sokoni; usiku wote wamelala. Hesabu wagonjwa, wazee, wasio na simu.

Hatua ya 5: Panga uzito

Wengi huzidisha uwezekano kwa madhara, wakapata namba moja. Mimi siipendi. Gesi ya ziwa kufoka kwa ghafla ni nadra, lakini Ziwa Nyos huko Kameruni mwaka 1986 liliua zaidi ya watu 1,700 kwa usiku mmoja, na Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos. Mazuku huchukua mmoja leo, mwingine kesho. Ukiziweka kwenye mizani moja, mazuku husahaulika, nayo ndiyo mtaa unaweza kuizuia kwa uzio na kibao. Tenga orodha mbili: tunayoweza wenyewe, na tunayopaswa kuidai serikalini.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Sake: Mwalimu, mazuku tutaijuaje, na haionekani wala hainuki?*

Mama, angalia ndege, mijusi na wadudu waliokufa shimoni. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi. Mtoto hupatwa kwanza kwa kuwa yuko chini. Mtu akianguka humo, usiiname kumwinua: wengi wamekufa wakiokoa. Wageni walazwe mwinukoni.

*Kutoka Katesh, Tanzania: Mlima Hanang ni volkano, lakini Desemba 3, 2023 tulifikwa na tope. Tuliandikeje?*

Ndugu, pole sana. Mlima haukulipuka; sehemu iliyolowa mvua ilimeguka ikashuka na mawe na miti. Mkiandika "volkano" mtasubiri moto. Andikeni "tope" na mfuate makorongo yote hadi kwenye nyumba ya mwisho.

*Kutoka Rubavu, Rwanda, jirani na Goma: Nyumba yangu ilipata nyufa 2021, na Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Nianze na lipi?*

Dada, anza na ukuta ulio upande wa mto. Ufa wa tetemeko ukiingia maji, ukuta hauhitaji tetemeko la pili. Kabla ya msimu wa mvua mwite fundi auone, na usiku wa mvua kubwa watoto wasilale chumba hicho.