Kufunga sola kwenye bati lenye mabomba ya choo na bomba la moshi, hatua kwa hatua

Wateja wengi wakinipigia wanakuwa washanunua paneli 10 kabisa na washapiga hesabu kwamba upande wa kaskazini wa paa zinaenea, sasa mkipanda juu mnakuta bomba la kupumulia choo limesimama katikati kama mlingoti na bomba la moshi la jiko lipo hatua chache pembeni, hesabu yote inakufa hapo. Naelezea ninavyofanya mimi kwa nyumba za Dar zenye bati la msauzi, paneli zile kubwa za wati 550, karibu mita 2.3 kwa 1.13.

Hatua ya 1. Siku ya kwanza usipande na paneli, panda na tepu, chaki, kamba na mkanda wa usalama. Chora kila kinachotokeza, pima urefu wake kutoka kwenye bati, andika. Afu ingia darini na tochi uone hayo mabomba yanapita wapi chini ya papi. Hii watu wanairuka sana, hata mimi niliwahi kuiruka, nikapiga skrubu ya reli (vile vyuma virefu vinavyobeba paneli) ikatoboa bomba la inchi 4 lililolala darini, hakuna maji yaliyovuja maana lile ni la hewa tu, ila baada ya siku tatu mama mwenye nyumba ananiuliza fundi mbona chumba cha watoto kinanuka choo. Nilifungua nusu ya kazi bure.

Hatua ya 2, kivuli, na hapa ndo pa kutulia. Bomba lenyewe linakula sentimita 11 tu, kinachokula nafasi ni kivuli chake. Kwa huku kwetu saa sita mchana sio tatizo, bomba la sentimita 60 kivuli chake hakizidi kama sentimita 30, mwezi wa 6 kinapanda kuelekea kofia ya paa, mwezi wa 12 jua likiwa kusini kinashuka chini. Tatizo ni saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, jua limelala na kivuli cha bomba hilohilo kinafika mita nzima kwenda pembeni. Na usiseme ah ni kakivuli kembamba tu, paneli ndani imegawanyika mafungu matatu na kila fungu lina dayodi yake, kifaa kinachopitisha umeme pembeni fungu likipata kivuli, kakivuli kakikaa kwenye seli chache fungu zima linaweza kulala, theluthi ya paneli imeenda.

Hatua ya 3, amua bomba unalifanyaje. Njia ninayoipenda ni kulifupisha, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na fundi bomba akiwepo. Paneli zikishakaa juu ya reli zinakuwa zimeinuka kama sentimita 10 kutoka kwenye bati, kwahiyo bomba ukilikata likabaki sentimita 20, kinachotokeza juu ya paneli ni sentimita 10 tu na kivuli cha asubuhi kinakuwa hakifiki hata sentimita 20. Umeokoa paneli nzima kwa msumeno wa dakika mbili! Chini ya sentimita 15 mimi silishushi. Kama fundi bomba anakubali kulihamishia upande wa kusini kupitia darini ni sawa pia, ila atumie kona za nyuzi 45 na bomba liwe na mteremko wa kurudi chini, likilala flati unyevu unatuama.

Kitu cha kutofanya kabisa ni kuliziba au kulifunika na paneli. Nilienda nyumba moja fundi wa kwanza alilikata usawa wa bati akaweka kifuniko cha PVC juu, paneli zimepangika vizuri mpaka raha, ila kila mtu akivuta maji chooni sinki la bafuni linagugumia, yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki kuzuia harufu yanafyonzwa, harufu ya septiki inapanda ndani. Lile bomba ndo pumzi ya mfumo wote wa maji machafu.

Na ikishindikana vyote, acha nafasi, weka 9 badala ya 10. Mteja atanuna siku moja.

Hatua ya 4, badilisha raba inayoshika bomba na bati SASA HIVI kabla ya reli, hata kama inaonekana nzima. Jua la huku linapasua raba na ukishafunga paneli mkono haufiki tena.

Hatua ya 5, reli. Skrubu zipite mgongoni mwa bati, sio bondeni maji yanapopita, ziingie kwenye papi na kila moja iwe na washa ya raba. Kuzunguka bomba acha nafasi ya kiganja kila upande ili siku fundi bomba akija asilazimike kufungua paneli.

Bomba la moshi ni habari nyingine. La jiko la kuni au mkaa lina joto na masizi, mimi naacha mita moja na zaidi, na naangalia upepo unapeleka moshi wapi. Feni ya jikoni ndo mbaya kimyakimya, mafuta yanaganda kwenye glasi afu vumbi linashika juu yake, mvua haitoi. Silensa ya jenereta nayo igeuzwe isielekee paneli.

Hatua ya 6, waya. Paneli 9 mfululizo zinafika volti 450 na jua likiwepo umeme upo hata inveta (ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ikiwa imezimwa, usichezee. Kama inveta ina MPPT mbili, yaani njia mbili za kupokea umeme wa paneli kila moja ikijirekebisha yenyewe, zile zinazopata kivuli ziweke kwenye mstari wao peke yao zisiburuze wenzao, kama idadi inatosha volti inayotakiwa. Reli zote ziwe na arthi.

Ukishawasha rudi siku nyingine saa tatu asubuhi, angalia kila mstari wa paneli kwenye kioo cha inveta huku kijana mmoja yuko juu anakwambia kivuli kiko wapi. Zile paneli za karibu na jiko mwambie mwenye nyumba aoshe kwa sponji na sabuni ya vyombo, alfajiri kabla glasi haijapata moto.