Somo: Kuchora mtu aliyesimama kwa kipimo cha kichwa

Anayeanza kwa kuupamba uso, macho na nyusi mpaka aridhike, akifika magotini karatasi imekwisha. Basi anaibana miguu iingie hivyo hivyo, na mtu anatoka na kichwa kikubwa na miguu ya bata. Weka alama zote kwanza, hadi nyayo.

Simamisha karatasi ya A4. Kwa rula na penseli ya HB, piga katikati mstari wima wa sentimita 24, kwa mkono mwepesi. Utie alama kila sentimita 3: hicho ndicho kichwa kimoja, utosini hadi kidevuni, na mtu wetu ana vichwa vinane. (Watu wengi halisi hupata saba na nusu hivi. Vinane ni desturi ya wachoraji, na hugawanyika kirahisi.)

Alama ya 1 ni kidevu, ya 2 chuchu, ya 3 kitovu, ya 4 kinena, ya 6 chini kidogo ya magoti, ya 8 nyayo. Ya 4 ikague mara mbili. Mkanda wa suruali hutudanganya tukadhani nusu ya mtu ni kiunoni. Ukikiweka kiuno hapo, miguu inapungua karibu kichwa kizima.

Mabega yaweke sentimita 1 chini ya kidevu, la sivyo shingo inapotea. Upana wake ni sentimita 6 kwa mwanamume, 5 hivi kwa mwanamke. Mikono ikining'inia, kiwiko huwa usawa wa kiuno, kifundo cha mkono usawa wa kinena, na ncha za vidole hufika katikati ya paja. Mkono, toka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, hufunika uso toka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Jipime mwenyewe sasa hivi, maana wengi huuchora mdogo mno.

Kisha jaza: yai la mbavu, bakuli la nyonga, mapipa membamba ya mapaja na miundi. Uso uje mwisho.

MASWALI

Vipimo viko sawa, lakini mtu wangu amekakamaa kama yuko gwaride.

Mpe mguu mmoja abebe uzito. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo huo hushuka. Shimo la koo liwe wima juu ya kifundo cha mguu unaobeba. Likitoka nje ya hapo, anaonekana anaanguka.

Nikichora mtoto anatoka mzee mfupi.

Umempa vichwa vya mtu mzima. Wa mwaka mmoja ana vichwa vinne hivi, wa miaka mitano vitano na kidogo, wa kumi hukaribia sita na nusu. Macho pia: kwa mtu mzima hukaa katikati ya kichwa, kwa mtoto mdogo yashushe chini ya hapo.

Aliyevaa kanzu nimpimeje wakati magoti hayaonekani?

Mchore mwili kwanza, halafu mvishe. Kanzu huning'inia toka mabegani. Goti likikunjwa huisukuma nguo mbele, na mikunjo huanzia hapo kushuka. Usipojua goti lilipo utabahatisha mikunjo, na mtu atakuwa nguzo iliyofunikwa shuka. Ukimaliza, futa mistari ya ndani kwa raba.

Na aliyekaa kwenye kiti?

Vichwa vinne toka kitini hadi utosini, viwili toka kitini hadi sakafuni. Ukimtazama kwa mbele, paja linakujia, kwa hiyo usilipime kwa vichwa: lichore kama pipa lililolala, mdomo wake ukiwa goti.