Kurekebisha diplomasia ya wapinzani wa kompyuta kwenye Civilization V

Wachezaji wa Civilization V wana malalamiko mawili makubwa kuhusu diplomasia. Kiongozi mliyetangaza naye urafiki anakuvamia ghafla, na ukishateka miji michache ulimwengu mzima unakuchukia hadi mwisho wa mchezo. Kwa sehemu kubwa chanzo chake ni namba zilizo ndani ya hifadhidata ya mchezo, na namba hizo unaweza kuzibadili hata kama hujui kuandika programu. Usilenge kuwafanya wapinzani wapole, maana mpinzani mpole huchosha upesi. Lenga mpinzani anayesomeka: ukimkosea ujue umemkosea, na akikugeuka uwe ulishaona dalili.

Maelezo haya ni ya Windows, kwa mchezo wenye nyongeza ya Brave New World (2013). Pakua Sid Meier's Civilization V SDK kutoka sehemu ya zana kwenye Steam; ndani yake mna ModBuddy, programu ya kutengenezea modi, yaani marekebisho ya mchezo yanayofanywa na wachezaji. Pakua pia DB Browser for SQLite, programu ya bure ya kufungulia hifadhidata. Kisha fungua Documents\My Games\Sid Meier's Civilization 5\config.ini, weka LoggingEnabled = 1, na uwashe mchezo mara moja.

Sasa fungua Civ5DebugDatabase.db iliyo kwenye folda ya cache. Humo ni mahali pa kusoma tu. Ukibadili kitu kitapotea, kwa sababu mchezo huijenga hifadhidata hiyo upya.

Jedwali la kwanza la kuangalia ni Leaders. Kila kiongozi ana alama za tabia kwa kipimo cha 1 hadi 10: Loyalty ni uaminifu kwa marafiki, Forgiveness ni wepesi wa kusamehe, DenounceWillingness ni wepesi wa kulaani wengine hadharani, DoFWillingness ni utayari wa kutangaza urafiki, na WarmongerHate ni chuki dhidi ya wapenda vita. Chattiness na Meanness zisikusumbue mwanzoni.

Jedwali lenye nguvu zaidi ni Leader_MajorCivApproachBiases, linaloonyesha kiongozi anaelekea kuwachukulia wenzake vipi: vita, uhasama, hila, tahadhari, woga, urafiki au kutojali. Mzizi wa malalamiko ya kwanza uko kwenye MAJOR_CIV_APPROACH_DECEPTIVE. Kiongozi mwenye alama kubwa hapo hukuchekea huku akipanga kukupiga, na kwenye skrini huwezi kumtofautisha na rafiki wa kweli. Ukiwa na muda wa kugusa kitu kimoja tu, gusa hicho.

Anzisha mradi mpya kwenye ModBuddy, ongeza faili la .sql (faili la amri za hifadhidata), uandike:

UPDATE Leader_MajorCivApproachBiases SET Bias = 3 WHERE MajorCivApproachType = 'MAJOR_CIV_APPROACH_DECEPTIVE' AND Bias > 3;
UPDATE Leaders SET Loyalty = Loyalty + 2 WHERE Loyalty BETWEEN 1 AND 8;
UPDATE Leaders SET WarmongerHate = 5 WHERE WarmongerHate > 5;

Mstari wa kwanza unapunguza hila bila kuifuta; mchezo usio na msaliti hata mmoja hupoa. Usiishushe WarmongerHate chini ya 4 kwa kila mtu, la sivyo anayeteka nusu ya ramani hatapata wa kumzuia. Ukitaka kumrekebisha kiongozi mmoja tu, malizia amri ya jedwali la Leaders kwa WHERE Type = 'LEADER_ALEXANDER'; kwenye Leader_MajorCivApproachBiases safu hiyo inaitwa LeaderType. Hakiki tahajia herufi kwa herufi: jina la kiongozi lisilokuwepo halileti kosa lolote, amri inapita kimya na hakuna kinachobadilika.

Baada ya hapo nenda kwenye sifa za mradi, ukurasa wa Actions, uongeze OnModActivated, kisha UpdateDatabase, kisha jina la faili lako. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ukiiruka, modi itaonekana kwenye orodha na itawashwa vizuri, lakini faili lako halitasomwa kamwe. Jenga mradi, washa mchezo, ingia kwenye menyu ya Mods, iwashe modi, na uanzie mchezo humo humo. Ukirudi kwenye menyu kuu na kuanzia huko, modi haitumiki.

Anza mchezo mpya kabisa. Tabia za viongozi hupangwa mwanzoni na kuhifadhiwa pamoja na mchezo, kwa hiyo uliouhifadhi zamani hautakuonyesha badiliko. Kumbuka pia kwamba mchezo huisogeza kila alama hadi 2 juu au chini: kiongozi uliyempa Loyalty ya 7 anaweza kuanza na 5 au 9. Ndiyo maana mchezo mmoja hautoshi kuhukumu. Linganisha michezo kadhaa kwenye ramani ya aina ileile na viongozi walewale.

Kama huoni tofauti yoyote, soma Database.log kwenye folda ya Logs, ambako kosa la jina la safu huandikwa wazi. Kisha rudi kwenye Civ5DebugDatabase.db modi ikiwa imewashwa uone kama namba zako zimeingia. Zikiwa zimeingia, SQL yako ni nzima na kilichobaki ni kupima viwango.

Namba hizi hubadili mwelekeo tu. Namna kompyuta inavyopima ofa ya biashara au inavyoamua kufanya amani imeandikwa kwa lugha ya programu ya C++ ndani ya DLL ya mchezo, yaani faili la msimbo wake. Community Patch, modi iliyotengenezwa na wachezaji, huibadilisha DLL hiyo na kugusa diplomasia kwa undani, kwa hiyo usiichanganye na modi hii bila kupima upya kila kiwango.