Mnataka jina la mtu wenu likae chuoni? Anzeni na hela ya balbu

Kila mwaka lazima anitafute mtu na swali hili hili: sisi tuliosoma pamoja tumepata wazo, mwalimu wetu amefariki (au mzee wetu, au mwenzetu aliyetutoka mapema), tunataka tuchangie chuo na jina lake liwekwe mahali, sasa tunaanzaje? Nimeshaeleza kwenye simu mpaka nimeona niandike yote sehemu moja, maana mi na wenzangu hii kitu tumeifanya mara mbili, na ile ya kwanza tulikosea kosa ambalo linaniuma mpaka leo.

Mara ya kwanza tulichanga milioni 11, tukanunua hadubini sita za maabara ya chuo kimoja hapa Dar. Tukachongesha kibao cha shaba chenye jina la mwalimu wetu, kikapigwa skrubu ukutani, mjane wake alikuja na wajukuu, tukapiga picha, tukala pilau. Baada ya miaka mitatu nikawa napita pale kwa shughuli zangu nikasema ngoja nichungulie. Hadubini nne zimefunikwa khanga kuukuu, balbu zimeungua. Balbu tu! Fundi wa maabara akaniambia kwa upole, dada yangu, fungu la vipuri halipo, hizi mbili ndo wanafunzi wanapokezana. Kibao kilikuwa kinang'aa kwa sababu yule mama wa usafi anakifuta kila asubuhi. Nilishindwa hata kukipiga picha niwatumie wenzangu. Na siwezi kusema ni chuo peke yake, sisi ndo tulipeleka kitu bila kuuliza nani atakilisha.

Kwa hiyo kabla hamjafungua hata grupu la michango, kaeni mjiulize jina litakaa kwenye nini na hicho kitu kitaishi kwa hela gani.

Afu mjue kuna majina ya aina mbili. Kuna jina la heshima, mfano Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), lile halikununuliwa na mtu, chuo chenyewe kiliamua kumuenzi. Na Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha masomo ya Umajumui wa Afrika (Pan-Africanism), tangu 2008 pale pale UDSM, nacho ni heshima, ila kina kazi ndani yake: kuna msomi anakikalia, kuna mihadhara, vijana wanajaa ukumbini. Aina ya pili ni jina linalokuja na mchango, na hii wenzetu wa Marekani wameifanya tangu 1639, John Harvard alikufa akakiachia chuo nusu ya mali yake na vitabu kama 400, chuo kikachukua jina lake. Nyie mnaomba hii ya pili, msione aibu kulisema wazi mkifika ofisini, ila msiende mkidhani ni kama kukodi bango la barabarani.

Jengo achaneni nalo kama hamna mabilioni. Kundi la kawaida la watu 40 au 60 linaweza kubeba vitu vinavyoonekana vidogo ila vinafanya kazi kila siku: zawadi ya mwanafunzi bora wa somo fulani, mfuko wa nauli na chakula kwa wanaoenda fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo), rafu ya vitabu vya kiada yenye fungu la kuongeza kila mwaka, ada ya mtoto mmoja ambaye mkopo wa bodi umemkosa. Mi ningewashauri fildi, kila nikiulizwa nasema fildi, kwa sababu nimeona vijana wanapangiwa mkoa wa mbali na bumu, ile hela ya kujikimu, limeshaisha, anaanza kupigia wajomba simu mmoja mmoja.

Kwenye kuchanga hakuna ugeni, sisi watu wa Dar kuchanga tunajua, tunaoza watoto na kuzika wazazi kwa kamati. Tumieni mfumo ule ule: mwenyekiti, katibu, mweka hazina ambaye hakuna anayemuogopa kumuuliza, kila mtu anatoa ahadi yake kwa maandishi na tarehe ya kumaliza, mkeka wa majina unatumwa kwenye grupu kila Jumapili jioni. Tofauti ni moja tu na wekeni akilini, harusi ina tarehe kwa hiyo watu wanashtuka wiki ya mwisho, huku hakuna tarehe, kwa hiyo jitengenezeeni, mfano siku ya kumbukumbu ya marehemu, au mahafali ya mwaka huo. Na msimdharau wa elfu kumi. Michael Bloomberg, tajiri wa Marekani, alipomaliza chuo kikuu cha Johns Hopkins 1964 mchango wake wa kwanza kwa chuo ulikuwa dola 5, mwaka 2018 akatoa dola bilioni 1.8 za kusaidia wanafunzi wasio na uwezo, na shule yao ya afya ya jamii inaitwa kwa jina lake.

Ofisini anzeni chini. Nendeni kwa Mkuu wa Idara kwanza, yeye ndo anajua kinachokosekana, mwambieni akuonyesheni, msikae ofisini tu, tembeeni mpaka stoo. Kutoka kwake barua inapanda kwa Amidi au Rasi wa Ndaki (wakuu walio juu ya idara), afu uongozi wa juu, na suala la jina mara nyingi linaishia Baraza la Chuo, ambalo halikai kila wiki, kwa hiyo hesabuni miezi. Ulizeni mapema kama chuo kina sera ya kutoa majina. Msitangaze kwa familia ya marehemu kabla hamjapata barua yenye muhuri! Hela ikifika wakati wake, kwa chuo cha umma mnaomba kontrol namba, mnalipa, mnabaki na risiti. Hakuna kumpa mtu mkononi wala kumtumia kwenye simu yake, hata akiwa ndo huyo huyo aliyewafundisha.

Hati ya makubaliano ndo moyo wa jambo lote, mtafuteni mwanasheria mmoja kwenye grupu, hakosekani. Iseme jina linaandikwaje (herufi kwa herufi, familia isaini), linakaa miaka mingapi, jengo likibomolewa au kozi ikifutwa linahamia wapi, nani anachagua wanafunzi, na ripoti inakuja lini. Suala la miaka watu wanaliruka. Kule New York, Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 mwaka 1973 ukumbi wa muziki ukaitwa jina lake, ulipohitaji ukarabati mkubwa ikabidi familia yake ilipwe milioni 15 ikubali jina litoke, na 2015 ukaitwa David Geffen. Upande wa pili chuo nacho kina haki ya kujilinda, Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani waliondoa jina la Sackler, familia yenye kampuni ya dawa, kwenye majengo yao 2019 kwa sababu ya zile dawa zao za maumivu zilizoangamiza watu. Kwa hiyo kipengele cha kuondoa jina kikiwepo msikione ni tusi.

Sasa hela yenyewe iishi vipi. Mara ya pili sisi hatukununua kitu, tulitafuta milioni 30 ikae kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu (yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba), ambazo unaanzia milioni moja, unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani zako, kupitia benki au dalali, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Tuseme inalipa asilimia 12, hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka, mnatoa laki 3 na elfu 60 mnarudisha kwenye mtaji ili bei za vitu zisiwaache nyuma, zilizobaki ni fildi ya vijana wanne kwa laki nane na kidogo kila mmoja. Mtaji haujaguswa. Kama hamtaki chuo kishike mtaji, sajilini bodi ya wadhamini RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), ni makaratasi mengi kidogo ila mnalala usingizi. Na kama kwenye kundi kuna mwenye kampuni, amuulize mhasibu wake kuhusu Mfuko wa Elimu, ule ulio chini ya TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania) tangu sheria ya 2001, kuna nafuu ya kodi kwa wanaochangia kupitia pale.

Wekeni pia mtu mmoja wa kupita chuoni kila muhula, kimwili kabisa, apande daladala aende akaone. Kwetu ni mimi. Wiki ya kwanza ya zamu yangu nilipeleka balbu 24 kwa yule fundi, akafunua zile khanga nne, akawasha moja moja, zote zikawaka. Balbu zilizobaki amezifungia kabatini kwenye boksi, na juu ya boksi ameandika kwa maka pen jina la mwalimu wetu.