Jinsi ya kuangalia dokumentari ya Hemingway bila kuingizwa mkenge

Wengi wetu tunaangalia dokumentari ya mwandishi kama umbea tu, nani alimuoa nani, basi. Ile ya Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, waliyoitengeneza Ken Burns na Lynn Novick 2021, usiilazimishe usiku mmoja, ina sehemu tatu na jumla ni kama masaa sita, utasinzia.

Kwanza soma hata hadithi fupi moja ya jamaa. Halafu ukianza, sikilizia sauti. Maneno yake anayasoma Jeff Daniels, ya Martha Gellhorn, mke wa tatu, anayasoma Meryl Streep, na hawa ni waigizaji bwana, wanajua kukuliza, kwa hiyo machozi yakija jiulize ni barua yenyewe au ni sauti na mziki wa nyuma.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini: riwaya sio ushahidi wa maisha. Alijeruhiwa kweli Italia 1918, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, akampenda kweli nesi mmoja, lakini kule kurudi nyuma kwa jeshi la Italia kutoka Caporetto kwenye riwaya yake ya 1929, A Farewell to Arms, kulitokea 1917, wakati huo yeye hata Italia hajakanyaga! Kwa hiyo ukisikia kipande cha riwaya kinasomwa juu ya picha za vita, simamisha, cheki mwaka.

Wake walikuwa wanne, andika pembeni miaka ya ndoa na ya vitabu, utaona vitu. Nobel 1954, akajiua 1961, hiyo sehemu ya mwisho ni nzito kwakweli, mi ningekushauri usiiangalie peke yako usiku.