MGB ya V8 jijini Nairobi: ya Abingdon, ya Costello au ya Grogan?

Mlio wa V8, yaani injini ya silinda nane, humfanya mnunuzi asahau maswali yake yote. Kwa hiyo mwambie muuzaji aache injini ikiwa imezimwa na boneti ikiwa imefungwa, uanzie nje.

MGB, lile gari dogo la michezo la Uingereza, likiwa na injini ya V8 ni la aina tatu, na ukisimama hatua kumi kutoka hapo huwezi kuzitofautisha. Aina ya kwanza ilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, kati ya 1973 na 1976. Ziliundwa 2,591 tu. Ya pili ni kazi ya mtaalamu: Ken Costello, dereva wa mbio kutoka Kent, alianza kutia injini ya Rover ya cc 3,528 ndani ya MGB kabla kiwanda chenyewe hakijaleta yake. Ya tatu ni gari lililobadilishwa baadaye na fundi yeyote, awe wa Birmingham au wa Grogan, mtaa wa magereji wa Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga. Injini hiyo ya Rover ndiyo iliyokuwa pia ndani ya Range Rover, kwa hivyo hapa mjini si kitu kigeni. Gari la aina ya tatu linaweza kuwa limetengenezwa vizuri kuliko hayo mengine mawili. Tatizo huanza linapouzwa kwa jina la Costello.

Angalia paa kwanza. Kiwanda kiliuza V8 ya GT peke yake, yaani yenye paa la chuma na mlango wa nyuma. MGB ya turubai yenye V8 haikuuzwa na Abingdon miaka hiyo. (RV8 ya 1993 hadi 1995 ni gari jingine, lenye bodi ya mviringo na injini ya lita 3.9.) Kwa hiyo ukiambiwa "ni V8 ya kiwandani" na gari halina paa la chuma, dakika moja imekutosha: ama ni la mtaalamu, ama ni la baadaye.

Sasa fungua boneti, lakini bado usiitazame injini. Tafuta kibati cha namba ya chasisi na usome herufi za mwanzo. MGB ya kawaida huanza na GHN ikiwa ni ya turubai au GHD ikiwa ni GT, kisha tarakimu ya toleo, kwa mfano GHN5. V8 ya kiwandani huanza na GD2D1. Hapa ndipo wengi hukosea: gari halisi la Costello lina namba ya GHN au GHD, kwa sababu lilitoka Abingdon likiwa na silinda nne. Namba hiyo haipunguzi sifa ya gari. Ya kutiliwa shaka ni GD2D1 kwenye gari linaloitwa Costello, au GHD kwenye linaloitwa la kiwandani.

Kibati hushikwa kwa riveti, na riveti hutobolewa kwa dakika tano. Angalia kama vichwa vyake vinafanana, kama kuna mkwaruzo wa drili pembeni, na kama rangi iliyo chini ya ukingo wa kibati ni ile ile ya chumba cha injini. Riveti mpya zinazong'aa kwenye chuma cha miaka hamsini zinahitaji maelezo. Huenda mwenye gari alilipaka rangi upya na kukirudisha kibati. Mwombe picha za kazi hiyo.

Namba ikishakuridhisha, agiza cheti cha urithi kutoka British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza. Cheti hutolewa kwa kufuata daftari za kiwanda, na hutaja namba ya injini ya kwanza, rangi, tarehe ya kuundwa na mahali gari lilipopelekwa. Kwa V8 ya kiwandani cheti kitataja V8. Kwa Costello kitataja injini inayoanza na 18G au 18V, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ila cheti hakitamtaja Costello hata siku moja, kwa kuwa Abingdon haikuhusika na kazi yake. Ushahidi wa mkono wake ni risiti, barua, picha za zamani na majina ya wenye gari waliotangulia. Bila karatasi hizo unachonunua ni uwezekano tu, na bei ifuate hapo.

Nembo ya "V8 Costello" kwenye mkia na grili ya alumini yenye vishimo vya mraba ndizo alama zinazotajwa sana. Usizipe uzito. Zote mbili hufungwa kwa skrubu.

Boneti husema zaidi. Kwenye Costello za mwanzo, kabureta zilikaa juu mno, ndipo ikafungwa boneti ya faibaglasi yenye nundu. Za baadaye zilipangwa upya na boneti ikawa bapa. Kiwanda kilikwepa tatizo hilo kwa kuziweka kabureta mbili za SU nyuma ya injini, karibu na ukuta wa mbele wa kabini, kwa manifoldi iliyotengenezewa kazi hiyo. Weka sumaku juu ya nundu. Isiposhika, usishangilie bado: MGB za miaka ya 1960 zilikuwa na boneti za alumini, na sumaku haishiki huko pia. Igonge kwa kucha. Alumini hulia, faibaglasi hutoa sauti nzito, na upande wa chini utaona nyuzi zake ndani ya resini.

Giaboksi ndiyo saa ya gari hili. Chungulia chini. Giaboksi ya gia tano aina ya LT77 ilikuja na Rover SD1, gari la 1976. Ukiikuta kwenye gari linalodaiwa kubadilishwa 1972, basi ama giaboksi ilibadilishwa baadaye, ama hadithi yote ni ya baadaye. Vivyo hivyo injini ya lita 3.9. Uliza mara moja tu, kisha nyamaza usikilize.

Uwiano wa difu, gia za ekseli ya nyuma, unapimwa kwa chaki. Zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili, uyaegemeze kwenye stendi na uweke gia huru. Chora alama kwenye tairi na nyingine kwenye propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi hadi difu. Zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara tatu na chembe, ni 3.07, uwiano wa V8 ya kiwandani. Ikikaribia mara nne, ni 3.9 ya silinda nne: aliyebadilisha aliishia kwenye injini. Gari kama hilo halifaidi gia ya kwanza, na kwenye barabara ya Thika litapiga kelele kwa mwendo ambao lingepaswa kuwa limetulia.

Kisha usukani. Kwa gari la mkono wa kulia, shafti ya usukani hupita karibu na manifoldi ya ekzosi ya upande huo. V8 ni pana, na kazi mbaya huonekana hapa: viungo vya kuunga shafti vilivyochomelewa ovyo, alama za kusuguana, mpira ulioungua. Acha upenyo wa kidole kizima, kwa sababu injini hulala upande mmoja unapokanyaga mafuta. Chumba cha injini cha MGB za mwanzo hakikuundwa kwa V8, kwa hiyo ukuta uliogongwa kwa nyundo si ajabu. Tofauti ni kati ya bati lililokunjwa likapakwa rangi na lililopasuka likajazwa filla.

Nguvu hizo zote hubebwa na sili, mihimili iliyo chini ya milango. Funga mlango, kumbuka upana wa upenyo wake, kisha tia jeki chini ya kishikio cha mbele cha springi ya nyuma na uinue. Upenyo ukibadilika au mlango ukakwama, sili zimeoza ndani. Gari lililoishi Mombasa likaguliwe hivi mara mbili.

Sasa washa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Kifuniko cha rejeta cha paundi 15 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukichoka, hubaki na akiba ndogo sana juu ya themostati ya nyuzi 82. Ukague injini ikiwa baridi. V8 ya kiwandani ilikuwa na feni mbili za umeme. Ukikuta moja, endesha hadi Limuru, kisha rudi ukae kwenye foleni ya Waiyaki Way robo saa ukitazama mshale. Hewa yetu nyepesi pia hufanya mchanganyiko wa petroli uwe mzito, na plagi nyeusi zitakuonyesha. Inua pistoni ya kabureta ya SU milimita moja: injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi, ikizima, imepungua, ikiongeza kidogo kisha ikatulia, iko sawa.

Kabla ya pesa kutoka, tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia tovuti ya eCitizen. Linganisha chasisi, namba ya injini na cc. Logibuku ikisema cc 1,798 na mbele yako kuna 3,528, injini haikusajiliwa. Muuzaji aisajili yeye, akiwa na risiti ya injini na ukaguzi, kabla ya kukuhamishia. Ukipokea gari hivyo hivyo, mtathmini wa bima atalikuta hilo siku ya ajali.

Mbinu hizi huhamia magari mengine kwa mabadiliko madogo. Sunbeam Tiger huigizwa kwa Sunbeam Alpine, ndugu yake wa silinda nne, iliyotiwa V8 ya Ford: Tiger ya toleo la kwanza ina chasisi inayoanza na B947, usukani wa reki na fimbo ya Panhard nyuma, vitu ambavyo Alpine haina. Austin-Healey 100M zilitengenezwa 640 huko Warwick, lakini vifaa vya Le Mans viliuzwa pia kwa wenye 100 za kawaida, kwa hiyo boneti yenye matundu na mkanda haithibitishi kitu bila cheti cha Gaydon.

Ukilionyesha gari lako kwenye Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, andika kwenye kadi namba ya chasisi, mwaka wa kuundwa, mwaka wa kubadilishwa na aliyebadilisha. Kama humjui, andika "lilibadilishwa baadaye, fundi hajulikani". Na muuzaji akiwa bado na ile injini ya silinda nne, ichukue hata kama ni nzito na huna pa kuiweka. Linganisha namba yake na cheti, mimina kijiko kimoja cha oili katika kila tundu la plagi, izungushe kwa mkono mara mbili tatu, rudisha plagi, uifunike kwa turubai.