Nesi unayetaka ubunge wa jimbo Texas, anzia hapa

Naandika kwa manesi wenzangu mlioko Dallas, Houston, Fort Worth na kwingineko Texas, hasa nyie ambao kila tukikutana breki ya saa nane usiku mnalalamika, mara wagonjwa wengi nesi mmoja, mara leseni, mara mgonjwa hana bima, halafu lawama zote anabebeshwa rais. Jamani, leseni yako inatoka bodi ya manesi ya jimbo, nesi praktishona (nesi aliyesomea zaidi mpaka kutibu na kuandika dawa) aandike dawa bila mkataba na daktari au la ni sheria ya jimbo, Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ipanuliwe au isipanuliwe wameachiwa majimbo waamue na Texas imekataa mpaka leo. Hayo yote yanaamuliwa Austin, mji mkuu wa Texas lilipo bunge la jimbo. Ndo maana nasema mtu wa wodini akitaka siasa aangalie Austin kwanza, Washington baadae.

Na njia hiyo kuna nesi ameshaipita. Eddie Bernice Johnson alizaliwa Waco, akaenda kusomea unesi Indiana maana Texas ya ubaguzi ilikuwa imembania, akarudi kufanya kazi hospitali ya VA ya Dallas, yaani ya serikali kuu kwa wanajeshi wastaafu, mpaka akawa mkuu wa manesi wa magonjwa ya akili. Miaka 16 yuko pale. 1972 akagombea bunge la jimbo akashinda, 1986 akaingia seneti ya Texas, 1992 akachaguliwa Kongresi, bunge la taifa kule Washington, nesi wa kwanza kufika huko, akakaa miaka 30. Angalia hapo katikati: miaka 20 kamili toka ubunge wa jimbo mpaka Kongresi, na ili agombee aliacha kazi ya VA. Hilo la kuacha kazi lishike vizuri, kama umeajiriwa na serikali kuu, VA ikiwemo, sheria ya Hatch hairuhusu ugombee kwa tiketi ya chama ukiwa bado kazini. Hospitali binafsi haina shida hiyo ila soma sera yao kabla hujatangaza chochote.

Sasa vigezo. Uwe raia wa Marekani, wa kuzaliwa au wa kuapishwa sawa tu, uwe na miaka 21, umejiandikisha kupiga kura, umeishi Texas miaka 2 na kwenye eneo lako la uchaguzi mwaka 1. Seneti wanataka miaka 26 na uwe umeishi Texas miaka 5. Kwa hiyo wewe uliyehamia apartimenti mpya mwezi jana upande wa pili wa jiji, angalia ramani kwanza, unaweza kuwa umetoka kwenye eneo lako bila kujua.

Kama bado una grinikadi usikae kusubiri, kuna kitu unaweza kufanya leo na mimi naona ndo mwanzo mzuri kuliko yote hata kwa raia: nenda katoe ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Mswada wa afya ukisikilizwa pale Austin mtu yeyote anajiandikisha na kuongea, kwa kawaida dakika mbili au tatu. Mimi nilienda nimetoka shifti ya usiku, nikakaa toka asubuhi mpaka jioni ndo wakaniita, na nilipomaliza mbunge mmoja akaniuliza swali ambalo msaidizi wake hakuwa na jibu lake ila mimi nilikuwa nalo kwa sababu nilikuwepo wodini. Ukiongea, eleza usiku mmoja tu, kilichotokea, kisha sema unataka kifungu gani kibadilike. Jina la mgonjwa, chumba, tarehe, chochote kitakachomtambulisha, acha kabisa. Na ukija kufanya kampeni usithubutu kuchukua namba za simu za wagonjwa kwenye sistimu ya kazini, hapo utapoteza leseni na kura kwa pamoja.

Baada ya hapo tafuta kiti kidogo. Donna Howard alikuwa nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, akakaa bodi ya shule ya Eanes kule Austin, 2006 ndo akaingia bunge la jimbo. Bodi ya shule inakufundisha bajeti, kikao chenye kelele, na mzazi anayekufokea dukani, vitu ambavyo chuo cha unesi hakitufundishi.

Hela. Kabla hujapokea dola moja au kutumia dola moja, lazima uteue mweka hazina na fomu ifike Tume ya Maadili ya Texas. Halafu sikilizeni, maana watu wetu tunapenda harambee: mjomba aliyeko Nairobi au Dar ambaye si raia na hana grinikadi haruhusiwi kuchangia kampeni, hata dola tano, hata kwa kupitishia kwako. Mwenye grinikadi anaruhusiwa. Kampuni pia hapana, kwa hiyo yule rafiki yako mwenye ejensi ya homukea, ya kuhudumia wagonjwa majumbani, achangie kwa hela yake mwenyewe, sio cheki ya biashara. Ada ya kuchukua fomu ya ubunge ni dola 750, au ulete sahihi 500 za wapiga kura. Fomu zinachukuliwa mwishoni mwa mwaka, Novemba hadi Desemba, kura za mchujo ni Machi, na maeneo mengi chama kimoja kina nguvu sana kiasi kwamba Machi ndo uchaguzi wenyewe. Eneo moja la ubunge lina watu kama 194,000, gonga milango, na ukisema "mimi ni nesi" watu wanafungua.

Vyama visikutishe. 2023 ilipita sheria ya kuzitaka hospitali ziwe na mpango wa kuzuia wafanyakazi kupigwa na kushambuliwa, mswada ulibebwa na seneta Donna Campbell, daktari wa emajensi, Ripablikani, na upande wa bunge akaubeba Howard, Demokrati. Waliowahi kurushiwa ngumi emajensi tunajua hiyo sheria ina uzito gani.

La mwisho ni mshahara, dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku bunge likikaa, nalo linakaa siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari. Huwezi kulipa nyumba na hiyo. Ongea na meneja mapema uhamie PRN, yaani kuitwa shifti pale tu unapohitajika, miezi hiyo mitano, na masaa 20 ya masomo ya leseni kila miaka miwili yamalize kabla ya Januari, kwa sababu kikao kikianza usiku wako wote unakuwa wa kamati.